Asmini ya Tabaka

Novemba inapofika Mahajanga, mvua ikiwa bado haijaamua kushuka, watu wenye akili zao hujikalia kivulini wakatulia. Rabiata Mchangama hakutulia. Alitoka ukumbini akaingia uani, akashika kata ya maji, akaiweka, akang'oa jani kavu ambalo lingeanguka lenyewe, kisha akarudi ukumbini kama mtu aliyesahau kitu. Jirani yake Koulsoum, ambaye walitenganishwa na ua wa makuti tu, alisema kwamba kama mwendo wa uani ungehesabiwa, Rabiata angekuwa ameshafika Makka na kurudi.

Ulikuwa mwaka wa 1963, wa tatu tangu bendera mpya ya uhuru ipande, na uani kwa Rabiata kila kitu kilikuwa kimechanua. Mwaridi ulikuwa umejaa vitumba. Vanila ilikuwa imeupanda mstafeli, na kila asubuhi ilifungua ua moja la rangi ya tui, ambalo lilijifunga kabla ya adhuhuri. Mkadi ulikuwa umechomoza kadi yake, ua refu lenye harufu kali, na wanawake waliokuwa wakipita njia ya mtaa wa Mahabibo walipunguza mwendo bila kujua kwa nini. Kilua kilijificha chini ya majani yake kama kawaida ya kilua, unasikia harufu, ukilitafuta ua hulioni. Na kwenye ukuta wa jiko, upande wa jua la asubuhi, palikuwa na asmini ya tabaka.

Asmini tunayoijua sote ina petali chache, nyepesi, unaichuma unatunga koja, basi. Hii ilikuwa na petali juu ya petali, imejikunja kama waridi dogo jeupe, nzito hata kikonyo huinama. Haitoi mbegu. Haijioteshi penye njia, wala ndege haibebi. Ukiiona mahali popote, ujue mkono wa mtu uliikata na mkono wa mtu uliipanda. Koko yake Rabiata, yaani bibi mzaa mama, aliileta kutoka kisiwa cha Ngazidja ikiwa kijiti kimoja kilichofungwa kwa utepe wa nguo yake, na tangu siku hiyo ilipita kwa mabinti pamoja na nyumba. Kwa Wangazidja nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huja na sanduku lake, na akiondoka, huondoka na sanduku lake. Rabiata alikuwa na nyumba, alikuwa na asmini, binti hakujaliwa, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Katika maua yote hayo hakuwa na ruhusa ya kuvaa hata moja. Mwanamke ambaye mumewe yuko safarini hapaki liwa usoni wala haweki ua kichwani. Hiyo si sheria ya msikitini, ni ya barazani, nayo ni kali zaidi, maana ya msikitini ina toba. Siku watu watakapomwona na asmini nyweleni watajua mume karudi, hakuna haja ya kuuliza. Kwa hiyo maharusi wa Mahabibo walivaa maua ya Rabiata, mawifi zao walivaa, hata Koulsoum, mwenye mume mlevi wa usingizi asiyeweza kutofautisha asmini na kitunguu, alivaa kila jioni. Mwenye bustani alijifunga kitambaa cheupe kichwani akawatungia.

Mumewe Elamine alikwenda Nosy Be mwaka ule ule wa bendera, kufanya kazi katika kiwanda kidogo cha kukamulia mafuta ya manukato ya maua ya langilangi karibu na Hell-Ville. Idi ya kwanza alirudi na habari njema. Alisema meneja wa kiwanda, Mfaransa, ana mke anayependa maua kuliko watu. Bibi huyo akifurahishwa atamwambia mumewe, mumewe atatia sahihi, na Elamine atahamishiwa bohari ya bandarini Mahajanga, alale kwake. Kilichotakiwa ni miche tu, miche mizuri ambayo Hell-Ville haipatikani. Rabiata alimpa mwaridi, akampa kilua, akamkatia mkadi na kipande cha vanila kirefu kama mkono. Uhamisho haukuja. Idi ya pili Elamine alirudi, akasema bibi anakaribia kuridhika, ila amesikia habari ya asmini ile.

Hapo Rabiata alisita. Asmini ile haikuwahi kutoka mikononi mwa wanawake wa kwao. Mashangazi waliiomba wakanyimwa, na mke wa kadhi aliiomba akapewa chai. Lakini roho ya mwanamke aliyechoka kungoja ni nyepesi. Alikata kijiti kwa mkono wake. Akalichana pindo la shiromani yake kuukuu, ile nguo ya kujitanda yenye mistari myekundu, akakifunga utepe kama koko alivyofunga. Akamfundisha Elamine kila kitu: apande ukutani kwa jiko upande wa jua la asubuhi, azungushe vipande vya mtungi uliovunjika, amwagie maji ya kuoshea samaki kila Ijumaa, na asiinyweshe jioni. Elamine alisikiliza kwa adabu kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake. Akaondoka nacho, na Idi iliyofuata hakurudi kabisa. Alituma salamu kwa mdomo wa baharia kwamba kazi ni nyingi.

Basi ndiyo maana Rabiata hakuweza kutulia. Alikuwa ametoa kitu cha mwisho alichokuwa nacho, na aliyekipokea yuko kimya.

Wiki hiyo Charifa, mpambaji wa maharusi, alirudi kutoka harusini Nosy Be, akapita kwa Rabiata hata kabla ya kufungua mzigo wake. Alisifu pilau, akawasengenya wapiga ngoma, kisha akamshukuru Rabiata kwa maua. Maua gani, Rabiata aliuliza. Charifa alisema yale aliyovaa bibi harusi wa Marodoka, kijiji cha huko, koja zima la asmini ya tabaka, alidhani Rabiata ndiye aliyeyatuma kwa meli. Rabiata alicheka kidogo, akamkaribisha kahawa, akaimwaga nusu nje ya kikombe.

Alipobaki peke yake aliwaza vizuri, au alidhani anawaza vizuri. Bibi wa Kifaransa haendi kuwapamba maharusi wa Kiislamu Marodoka. Kwa hiyo kuna mwizi. Mtu ameingia bustanini kwa bibi, amekata asmini ya koko yake, anaigawa ovyo, na bibi akigundua atakasirika, na sahihi ya uhamisho itapotea. Ndivyo mtu mwerevu anavyoweza kuzunguka jambo lililo mbele ya pua yake, azunguke hata apate kizunguzungu, ili tu asilikanyage.

Koulsoum hakuzunguka. Aliinua kichwa juu ya makuti akasema mtafuta cha uvunguni sharti ainame. Rabiata akamjibu kwamba ameinama bustanini miaka mitatu, mgongo umeshazoea. Kesho yake alitia kisu chake cha kupogolea mkobani, akakata tikiti ya meli ya mwambao.

Melini hakuketi. Wenzake walitandika mikeka sitahani wakalala, yeye alishika chuma cha pembeni, akaondoka, akarudi kukishika. Aliuliza mara nyingi kama wanakaribia, hata baharia mmoja akamwambia kwa Kisakalava kwamba bibi akitaka anaweza kushuka akasukume. Hakucheka. Alikuwa anapanga maneno ya kumwambia mke wa meneja, kwa Kifaransa chake kidogo cha sokoni: kwamba mche ule una heshima yake, na kwamba yeye Rabiata hana hasira na mtu, anataka mumewe tu.

Hell-Ville ilimpokea kwa miti ya mkrismasi iliyowaka maua mekundu barabara nzima, na harufu ya langilangi iliyozidi kipimo. Alifika nyumba ya meneja jua likiwa bado la upole. Alikuta lango la chuma, mbwa, na magugu yanayomfika mtu kiunoni. Hapakuwa na mwaridi wala mkadi. Mlinzi aliyekuwa kivulini, mzee mmoja aitwaye Fazul, ambaye jina lake na kofia yake vilitosha kuonyesha naye ana asili ya Ngazidja, alimsalimu kwa lugha ya kwao, akafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

Rabiata aliuliza bustani ya bibi iko wapi. Fazul alisema bibi gani. Yule wa Kifaransa aliondoka mwaka wa bendera, hata mapazia alibeba, na meneja wa sasa ni bachela wa Antananarivo ambaye ua pekee analolijua ni la kabichi. Lakini kama dada anatafuta maua, aende Marodoka.

"Nyumba ya Elamine wa kiwandani," alisema Fazul. "Mkewe ana asmini ambayo hujawahi kuiona."

Mzee alisema hivyo kwa ukarimu, kama mtu anayemwelekeza mgeni kisimani. Rabiata alimshukuru, akamtakia afya, akaondoka kwa miguu.

Njia ya Marodoka inapita katikati ya mashamba ya langilangi. Miti ile huzuiwa isiende juu, hukatwa vichwa, matawi yakavutwa chini hata mti mzima ukajipinda, ili maua yafikiwe na mkono. Wachumaji walikuwa bado kazini na vikapu vyao, wanawake wa Kisakalava wenye masinzano usoni, ule unga wa manjano wa kujipaka, wakiimba. Rabiata alipita katikati yao kwa kasi, kijasho kikimtoka, na kila hatua ilimwongezea hasira. Usidhani hasira ile ilikuwa ya mke mwenza. Mama yake alikuwa na mke mwenza, koko alikuwa nao wawili, akawazika wote. Mke wa pili sheria ilimruhusu Elamine, ingawa ilimtaka pia aseme ukweli. Asmini hakuna sheria iliyomruhusu.

Alikuwa na kisu, na alijua atakachofanya nacho. Asmini ile ikikatwa chini kabisa na mzizi ukachimbuliwa, hairudi. Mkono ulioikata ikafika Nosy Be ndio utakaoiondoa.

Marodoka ni mahali pa kale. Kuta za wafanyabiashara wa zamani zimebaki nusu, mizizi imeshika mawe, na kati ya kuta hizo watu wamejenga nyumba zao za mbao na makuti. Hakuhitaji kuuliza. Harufu ilimshika mkono ikampeleka. Alisogea kwenye ua wa fito, akachungulia, akajikuta anachungulia uani kwake mwenyewe.

Mwaridi ulikuwa mlangoni, mahali pake. Vanila ilikuwa imeupanda mstafeli. Mkadi ulikuwa pembeni karibu na choo, kama kwake, na kilua kilikuwa kati ya mkadi na kisima, kama kwake. Elamine hakuwa na akili ya kupanga bustani, aliipanga kwa kukumbuka. Na ukutani kwa jiko, upande wa jua la asubuhi, asmini ya tabaka ilikuwa imepanda hadi kwenye paa. Kule Mahajanga kwenye udongo mwekundu mkavu ilitoa maua ya kuhesabika, ukayachunga usiku na mchana. Hapa mvua ya kisiwa ilikuwa imeibembeleza, ikazaa bila haya, nyeupe juu ya kijani, nyingine zimeanguka chini zinakanyagwa na kuku. Vipande vya mtungi vilikuwa vimezungushwa shinani. Chini kabisa, shina lilipoanzia, utepe wa shiromani ulikuwa bado umefungwa, mistari imepauka.

Mwanamke kijana alitoka jikoni na mtoto kiunoni. Uso wake ulikuwa wa mwambao, wenye mchanganyiko wa kila aliyewahi kutia nanga pale, na alikuwa na asmini nyweleni, mbili, za jana, zimeanza kugeuka rangi. Alimwita Rabiata zoky, kama Wasakalava wanavyomwita dada mkubwa, akamkaribisha ndani, akamtandikia mkeka, akamletea maji. Alidhani ni mtu wa harusi aliyekuja kuagiza maua. Jina lake Nafissa. Walizungumza Kimalagasi, maana Kiswahili cha wazee wa Marodoka kilikuwa kimebaki kwenye dua na kwenye majina ya mizani na kamba tu.

Rabiata alikunywa maji. Akasifu bustani. Akauliza mbegu ilitoka wapi.

Nafissa alisema hii haina mbegu. Alisema kwa fahari ndogo, kama alivyofundishwa. Miche yote ilikuwa ya marehemu mama mkwe wake, aliyefia Mahajanga. Mume wake aliirithi, akaileta kidogo kidogo kila alipokwenda kuzuru kaburi. Ndiyo maana yeye hachumi ua hata moja kabla ya kumsomea marehemu Fatiha, na ule utepe hajaufungua, kwa kuwa ni nguo ya mama.

Mama yake Elamine, Mungu ampe umri, alikuwa hai kijijini Boanamary, akianika kamba wa baharini juani na kugombana na kunguru, na maishani mwake hajawahi kupanda hata mchicha. Marehemu aliyekuwa akisomewa Fatiha kila asubuhi alikuwa ameketi mkekani na kikombe mkononi. Akauliza huyo mama alikuwa mtu wa namna gani.

Nafissa alisema mumewe humsifu sana. Alikuwa mpole, hakuwahi kupandisha sauti.

Marehemu hajawahi kuitwa mpole tangu azaliwe. Alicheka, kicheko kibaya kilichomshtua mtoto. Kisha akauliza swali la mwisho, kama Elamine hakuwa na mke huko Mahajanga. Nafissa akajibu bila wasiwasi kwamba alikuwa naye, waliachana kabla ya bendera.

Rabiata aliinuka, akatoa kisu mkobani, akaenda ukutani. Nafissa alidhani mgeni anataka kuchuma, akamwambia taratibu angoje kwanza, asome. Rabiata hakungoja. Alipiga magoti mbele ya shina, akaondoa kipande kimoja cha mtungi, akaushika mti kwa mkono wa kushoto. Shina lilikuwa nene kuliko la kwake. Kisu kilikuwa kikali, alikuwa amekinoa mwenyewe kabla ya safari.

Mtoto alikuwa ameshuka kiunoni kwa mama yake. Alikuja kwa hatua za mtoto anayejifunza, akajiinamia penye maua yaliyoanguka, akachagua moja ambalo kuku hajalikanyaga, akalipeleka sikioni. Lilianguka. Akaliokota, akalipeleka tena sikioni, akamtazama mgeni aone kama anatazamwa.

Simsingizii Rabiata kwamba moyo wake ulilainika. Ulikuwa mgumu vile vile, na kichwani mwake Elamine alikuwa bado anachunwa ngozi. Lakini alikumbuka uani kwake, nyumba yake isiyo na wa kuirithi, na asmini kongwe inayotoa maua ya kuhesabika. Aliuliza mtoto anaitwaje. Nafissa akasema Nadjma. Rabiata akaingiza kisu chini ya utepe, akaukata, akauvuta, akautia mkobani. Shina hakuligusa.

"Utepe huu ni wangu," alisema. "Huyo marehemu unayemsomea ni mimi."

Nafissa alitazama utepe, akatazama uso wa mgeni, akatazama bustani yake kuanzia mlangoni hadi ukutani. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale juu ya mchanga, akamvuta mtoto akampakata, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Rabiata alitaka sana kumchukia. Alijaribu, akaona si yeye anayemtafuta.

Njia ya mwongo ni fupi, na siku hiyo ilikuwa fupi zaidi, maana Elamine hula chakula cha mchana nyumbani. Aliingia akipiga mbinja, mikono ikinuka mafuta, akasimama. Mke mmoja yuko mchangani, mwingine yuko ukutani na kisu. Alianza kusema kwamba alikuwa na nia ya kumweleza, kwamba Idi ijayo angekuja, kwamba mambo ya safari ni magumu.

"Safari gani?" Rabiata alimkatiza. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Elamine, kwa kuwa alizoea ile ya juu. "Miaka mitatu sijaweka ua kichwani kwa sababu mume wangu yuko safarini. Mtu aliye safarini hana bustani, Elamine. Wewe uko kwako."

Rabiata alimwambia kwamba mambo mengine wataonana kwa kadhi Mahajanga, na kwamba sanduku lake atalikuta kwa Koulsoum, ambaye kwa hakika atakuwa na machache ya kumwambia kabla ya kumkabidhi. Kisha akamgeukia Nafissa, akamwomba maua. Akasema anataka vitumba vilivyojaa, ambavyo vitafunguka safarini.

Nafissa aliinuka, akajifuta uso, akaenda ukutani na kikapu. Aliinua mkono kwenye tawi la kwanza, na kwa mazoea akaanza Fatiha. Katikati midomo ikamkwama. Aligeuka, hajui amalize au anyamaze.

"Isome," Rabiata alisema. "Msomee koko yangu. Yeye ndiye aliyeileta kutoka Ngazidja."

Alimtajia jina la koko, akamtajia la mama yake, akamfanya ayarudie yote mawili hadi yakamkaa mdomoni. Akamwambia asmini hii hupita kwa mabinti, na kwamba huyo mtoto ni binti, basi. Alilisema kwa ukali, kama anayemtupia mtu funguo, lakini alilisema. Nafissa alipokuwa anafunga vitumba katika jani la mgomba lililoloweshwa, Rabiata alikumbuka jambo jingine.

"Na siku mwanamume akikuomba kijiti," alisema, "mwulize anakwenda kukipanda wapi."

Meli iliondoka alasiri hiyo hiyo. Safari hii Rabiata alipata mkeka akaukalia, ingawa asidanganye mtu kwamba alitulia. Alilia kidogo alipopita Nosy Komba, kwa sababu miaka mitatu ni miaka mitatu, na kwa sababu alimpenda mpumbavu yule. Baada ya hapo alikasirika tena, akapata nafuu. Asubuhi, bandari ya Mahajanga ilipoonekana, alifungua jani la mgomba. Vitumba vilikuwa vimefunguka, tabaka juu ya tabaka. Alifungua kitambaa chake cheupe, akasuka nywele mbele ya abiria wote bila kujali, akazifunga kwa ule utepe wa shiromani, akapachika asmini hadi hakuna mahali palipobaki.

Alipanda kutoka bandarini hadi Mahabibo kwa miguu. Harufu ilimtangulia. Muuza samaki alimpa mkono wa baraka. Wazee wa barazani walisema alhamdulillahi. Wanawake walitoka milangoni, wakamwona, wakatazamana, na kabla hajafika kwake vigelegele vilikuwa vimeshapigwa nyumba tatu. Hakuwazuia. Koulsoum alikuwa mbele ya mlango wake akifagia. Aliutupa ufagio, akashika mashavu, akacheka na kulia kwa pamoja, akasema alijua, alisema, Mungu si Athumani. Kisha akanyoosha shingo kutazama njia nyuma ya Rabiata, amwone mwenye mizigo. Njia ilikuwa tupu, mkokoteni mmoja tu na vumbi lake.

"Elamine karudi?" aliuliza, na sauti ilikuwa imeanza kushuka.

"Hapana," Rabiata alisema. "Nimerudi mimi."